Ndege wa kiangazi Kilifi: tazama maji kabla ya kutazama saa

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Kilifi mjini. Mwaka jana nilipata darubini, na tangu hapo nimekuwa nikiwatazama ndege pamoja na wanafunzi wachache. Nataka nitumie Jumamosi za kiangazi hiki, kabla masika haijaanza, kuzunguka kaunti yetu. Niende wapi na nitarajie ndege gani? Gari sina. Mwezi uliopita nilifika Mida, ule mkono wa bahari karibu na Watamu, saa tano mchana, siku ya mwezi mpevu, nikakuta matope matupu na vidoa vya ndege mbali kabisa. Halafu Jumamosi iliyopita, mlangoni mwa mto Sabaki, tuliona kundi la ndege kama mbayuwayu wakubwa. Mwenzangu akasema ni pratinkoli wa Madagaska. Ni wao kweli? Sasa tuko Februari.

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nianze na Mida, maana ukiielewa Mida umeelewa sehemu kubwa ya pwani yetu. Hukukosea mahali, wala hukukosea msimu. Ndege walikuwepo kwa maelfu. Ila ulifika bahari ikiwa imekupwa, na bahari ikikupwa Mida, ndege wote hutawanyika kwenda kula huko huko matopeni, mbali na mtu yeyote aliyesimama ukingoni.

Watu wengi wanaoanza kutazama ndege huambiwa waamke alfajiri. Kwa msitu hilo ni sahihi kabisa, nami nitalirudia nikifika Arabuko-Sokoke. Kwa ndege wa ufuoni, saa ya ukutani haina neno. Wao wanakula matope yakiwa wazi, iwe usiku au mchana, na wanapumzika maji yakijaa. Kwa hiyo kabla hujapanga Jumamosi yoyote, ulizia maji. Jedwali la maji lipo kwenye simu, lakini mvuvi yeyote wa Kilifi atakupa jibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye wavu wake, kwa sababu anahesabu siku za mwezi.

Pwani yetu ina utaratibu mzuri unaoweza kuushika kichwani. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa karibu na saa nne hadi saa tano asubuhi. Ndiyo sababu saa tano siku ya mwezi mpevu uliona matope. Tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo hukaribia mita 4, na Mida ni pana na tambarare, kwa hiyo maji yakiondoka yanafungua eneo kubwa mno. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi kama saa nne au saa tano, tena hayapandi sana wala hayashuki sana. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Sasa fanya hivi. Chagua Jumamosi iliyo karibu na bamvua, lakini usifike asubuhi. Panda matatu ya Malindi, shuka Mida, ulizia daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, uwe umekaa mwisho wa daraja hilo kufikia saa saba mchana. Jua litakuwa kali, kofia na maji ya kunywa ni lazima, hasa kwa watoto. Kisha msubiri. Maji yanaingia kupitia mlango mwembamba kutoka baharini, kwa hiyo ndani ya Mida huchelewa kidogo kuliko jedwali linavyosema. Yakianza kupanda, matope yanapungua dakika kwa dakika, na ndege wanasukumwa kuja kwenu. Wale waliokuwa vidoa watakuwa hatua thelathini mbele yenu, wakikimbizana kula kabla chakula hakijafunikwa. Kuanzia saa saba hadi saa tisa na nusu ndiyo karamu yenyewe. Baada ya hapo wanaruka kwenda kulala kwenye vipande vya mchanga na matawi ya mikoko.

Mtakaowaona ni nani? Yule anayewaleta watu kutoka mbali ni mla-kaa, Dromas ardeola. Hutahitaji kitabu kumjua: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene ambao hakuna ndege mwingine wa ufuoni aliye nao. Huzaliana kuanzia Aprili hadi Julai kwenye mchanga wa visiwa vya Bahari ya Shamu, Ghuba la Uajemi, Omani na Somalia, na kuzaliana kwake ni kwa ajabu: huchimba shimo mchangani kama panya, hutaga yai moja jeupe humo ndani, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Kuanzia Agosti wanaanza kutufikia, na kiangazi wapo Mida kwa mamia. Waambie wanafunzi wamtafute aliye na rangi ya kijivu badala ya nyeusi mgongoni. Huyo ni mtoto wa msimu uliopita wa kuzaliana. Mkimkazia macho mtamwona akimfuata mzazi wake nyuma nyuma, ameinamisha kichwa, akililia chakula, na mzazi akimpa. Safari yote ile kutoka Arabuni, na bado analishwa. Ni nadra sana kwa ndege wa ufuoni, kwa kuwa watoto wa jamii nyingi hujitafutia tangu siku walipoanguliwa.

Mtazameni pia anavyowinda. Hukimbia hatua chache, husimama kimya, hukimbia tena, kisha humchoma kaa kwa ghafla. Mdogo anamezwa mzima. Mkubwa anavunjwavunjwa kwanza kwa ule mdomo.

Pembeni mwake kutakuwa na ndege wadogo wengi wa kijivu na kahawia ambao wanaoanza huwakatia tamaa. Msiwakatie tamaa, anzeni na wale wenye alama moja ya wazi. Kuna chamchanga mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu mifupi ya rangi ya chungwa, Xenus cinereus. Huyu hukimbia ovyo ovyo kama amepoteza kitu, na ukiona mdomo umeinuka hivyo, basi ni yeye, hakuna mwingine mwenye umbo na kimo hicho. Kuna sululu wawili, wote na mdomo mrefu uliopinda kwenda chini: mkubwa, ambaye mdomo wake umepita kiasi, na mdogo, mwenye mistari kichwani. Sululu mdogo akiruka hupiga filimbi fupi fupi za haraka, kama saba mfululizo, na mlio huo mtausikia kabla hamjamwona. Halafu yuko chamchanga mdogo mwenye mdomo uliopinda kidogo tu kwenda chini, Calidris ferruginea, ambaye huzaliana kaskazini kabisa mwa Siberia na huwa Mida kwa wingi mkubwa.

Vitwitwi wa mchanga ndio mtihani. Wako wa aina mbili, mkubwa na mdogo, na kiangazi wote ni kijivu juu na nyeupe chini. Msiangalie ukubwa wa mwili, unadanganya pale ambapo hakuna cha kulinganisha nacho. Angalieni mdomo. Chukueni urefu wa mdomo mkaulinganishe na umbali kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho. Mdomo ukizidi umbali huo, na ukiwa mzito, ni kitwitwi mkubwa. Ukiwa mfupi na wa kiasi, ni mdogo. Miguu ya mkubwa pia ni mirefu zaidi na mara nyingi ina ukijani. Mkishindwa kuwatenga, andikeni tu "kitwitwi wa mchanga, aina haijulikani". Hilo ni jibu halali, na ni bora kuliko kubahatisha.

Na hapa nakuomba kitu, mwalimu. Lau ningeambiwa nichague Jumamosi moja tu ya msimu mzima, ningechagua ya mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili. Kaskazi inakufa, mvua inanukia, na ndege hawa wanajiandaa kuondoka. Wale wa kijivu mliowazoea wanageuka. Chamchanga wa Siberia anapata rangi ya matofali kuanzia usoni hadi tumboni. Vitwitwi wa mchanga wanavaa mkanda wa rangi ya kutu kifuani. Wamenenepa kwa safari, hawatulii, na makundi yanainuka jioni na kurudi tena. Wapeleke wanafunzi mara moja Februari na mara moja mwishoni mwa Machi, sehemu ileile, na uwaache wenyewe wagundue kwamba ni ndege walewale. Hakuna somo la sayansi litakaloshinda hilo. Wachache, hasa wadogo ambao hawajafikia umri wa kuzaliana, hubaki nasi kusi yote, kwa hiyo usishangae ukiwaona Juni.

Kabla hujatoka mjini kwako, usiidharau Kilifi yenyewe. Keremu wekundu, Merops nubicus, hutufikia mwishoni mwa mwaka na hukaa mpaka karibu na masika. Mwili mwekundu wa waridi, kichwa cha buluu ya kijani, manyoya mawili marefu katikati ya mkia. Mchana hutawanyika mashambani na kukaa kwenye nyaya na vilele vya miti wakiwinda wadudu, na jua likikaribia kuzama hurudi kwa makundi kulala kwenye mikoko, ndani kwenye mkono wa bahari wa Kilifi na Mida vilevile. Ukipata mwenye mtumbwi wa kuwapeleka, mwambie asiingie kwenye mikoko yenyewe. Akae mbali, azime mashine kama anayo, na muwatazame wakipita juu. Wakishtuliwa wakati wa kutua hupoteza nguvu ambazo wangehitaji usiku. Kwenye nyaya za barabarani utamwona pia kambu wa Ulaya mwenye mabawa ya samawati, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili.

Tuje Sabaki na lile kundi lenu.

Sikuwa nanyi, na picha hukuniletea, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini kwa mwezi wa Februari, jibu langu ni hapana, huenda hawakuwa pratinkoli wa Madagaska. Ndege huyo huzaliana Madagaska kwenye miezi yetu ya kaskazi. Hutufikia baada ya hapo, kuanzia kama Aprili na Mei, na hukaa hadi Septemba. Agosti mlangoni mwa Sabaki wanaweza kuwa maelfu, na hakuna mahali pengine Kenya panapolingana na hapo kwa ndege huyo. Februari anatakiwa awe kwao. Mliowaona yaelekea ni pratinkoli mwenye koo la manjano, Glareola pratincola, anayeonekana Sabaki pia, naye kweli anafanana na mbayuwayu mkubwa angani.

Namna ya kuwatenga ni hii. Mwenye koo la manjano ana kipande cha rangi ya malai kooni kilichozungushiwa mstari mwembamba mweusi, ingawa kiangazi mstari huo huweza kufifia ukawa vidoti. Mkia wake umegawanyika sana, na akiruka utaona ukingo mweupe nyuma ya bawa. Wa Madagaska hana kile kipande cha koo. Uso wake ni wa giza, na chini ya jicho ana mstari mweupe mfupi ulio wazi. Tumboni ana rangi nyekundu ya kahawia kabla ya weupe, mkia wake ni mfupi na haukugawanyika sana, na ule ukingo mweupe wa bawa hana. Usitegemee wekundu chini ya bawa, kwa sababu wote wawili wanao. Nadhani hapo ndipo mwenzako alipotelezea, kwani vitabu vingi huutaja kwanza.

Tarehe ni sehemu ya kumtambua ndege, sawa na mdomo na miguu. Watu huwa wanaisahau. Ukiona kitu kisichotarajiwa kwa mwezi huo, haimaanishi umekosea, ndege hupotea njia. Inamaanisha tu kwamba ushahidi unaohitajika umepanda: picha, hata mbovu ya simu iliyowekwa kwenye kioo cha darubini, na maelezo ya kile ulichokiona kabla hujafungua kitabu. Waulize wanafunzi wako kila mmoja kwa faragha, "Kooni kulikuwa na nini?" Usiwaulize mbele ya wenzao, watajibu alichosema wa kwanza.

Sabaki kiangazi hata hivyo ina mengi. Fika Malindi, kisha pata gari linalokwenda upande wa Garsen, ushuke darajani na kutembea na mto hadi baharini. Mwendo huo msiufanye wenyewe. Mtafute kijana wa pale anayewajua viboko, kwa maana wapo mtoni na wanapanda majanini, na njia hubadilika mto unapohamisha mchanga wake. Vipande vya mchanga mlangoni hujaa buabua na shakwe wakipumzika, wakubwa kwa wadogo wamechanganyika, wote wanatazama upande unaotoka upepo. Heroe (flamingo) huwepo miaka mingine kwa wingi na miaka mingine wachache. Tembeeni taratibu na msimame mbali, maana kundi moja likiinuka lote huinuka, na mtakuwa mmemaliza kutazama.

Kuna ndege ambao utaambiwa habari zao na usiwapate sasa, kwa kuwa ni ndege wa kusi. Mbali na pratinkoli wa Madagaska, kuna buabua wanaozaliana kwenye kisiwa kidogo cha mawe mbele ya Watamu katikati ya mwaka. Kuna mkesha wa madoa, Geokichla guttata, anayekuja kwenye misitu yetu kutoka kusini wakati wa kusi. Na kuna pita wa Afrika, ambaye hufika na mvua za masika. Weka majina yao pembeni mpaka Mei.

Msitu sasa. Arabuko-Sokoke ni kilomita za mraba zipatazo 420, na ni msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki. Kituo cha misitu cha Gede kiko barabarani kabisa, matatu ya Malindi inakushusha mlangoni. Hapa ndipo saa ya alfajiri inapohitajika. Kiangazi msitu ni mkavu, majani yanaanguka, na ikifika saa tatu asubuhi kimya kinatanda mpaka ukadhani hamna kitu. Ingieni saa kumi na mbili, na mlipie mwongozaji. Nasema hivyo kwa uzito. Kwanza kuna ndovu humo ndani. Pili, waongozaji wa Sokoke wamezaliwa kando ya msitu huo, na masikio yao yanawajua ndege ambao wewe na mimi tungepita chini yao bila habari.

Msitu huu una sehemu tatu, na mwanafunzi anaweza kuzitambua kwa kutazama ardhi tu. Upande wa bahari kuna msitu mchanganyiko, wenye mbambakofi na miti mingine mingi. Katikati, penye mchanga mweupe, kuna miti ya mirihi (Brachystegia) iliyoachana, mwanga unafika chini. Upande wa bara udongo ni mwekundu na miti ni mifupi, imesongamana: hiyo ni sehemu ya miti iitwayo Cynometra. Ndege wamejigawa vivyo hivyo.

Kwenye mirihi ndiko aliko mnana wa Clarke, Ploceus golandi, na mwalimu, huyu ni ndege wa kaunti yetu peke yetu. Duniani kote anajulikana katika msitu huu na katika misitu ya Dakatcha, ng'ambo ya Sabaki, basi. Wengine wote nimewataja kwa furaha, lakini huyu namtaja kwa wasiwasi. Miaka mingi hakuna aliyejua anazaliana wapi. Mwaka 2013 ndipo viota vyake vilipopatikana, huko Dakatcha, kwenye bwawa la msimu lenye majani marefu. Maana yake ni kwamba kuulinda msitu mmoja pekee hakutoshi, na Dakatcha haina ulinzi ulio nao Arabuko-Sokoke. Mirihi yake inakatwa kwa makaa na mashamba. Msituni mtamwona juu kabisa, kwenye kundi linalopita kwa haraka kutoka mti hadi mti likichanganyika na ndege wengine. Dume ana kichwa na mgongo mweusi na tumbo la njano. Shingo zitauma. Mkiona kundi limepita bila kulitambua, fuateni njia mkiwa mbele yake badala ya kulikimbilia nyuma.

Katika mirihi hiyohiyo kuna chozi wa Amani, mdogo sana, weusi wa kijani juu na tumbo jeupe. Sakafuni, penye majani makavu, anatembea kipimanjia wa Sokoke, Anthus sokokensis, kimya kimya. Ukimshtua hurukia tawi na kuganda pale. Na mara kwa mara sange mwenye kiuno cha dhahabu atakatiza njia kwa mbio. Si ndege, ila wanafunzi watamkumbuka kuliko ndege wote, na waache wamfurahie.

Bundi wa Sokoke, Otus ireneae, yuko upande wa udongo mwekundu. Sayansi ilimfahamu miaka ya 1960 tu. Urefu wake hauzidi sentimita 17 hivi, na yuko wa rangi ya kutu, wa kijivu na wa kahawia, hata kama wamekaa tawi moja. Zaidi ya hapa yuko kwenye milima ya chini ya Usambara, Tanzania. Waongozaji humsikiliza kabla ya kupambazuka ili wajue amelala wapi, kisha hukuonyesha mchana. Mkifikishwa, tazameni kwa dakika chache, piga picha bila mwanga, na mwondoke. Mtu asiwachezee mlio wake kwenye simu. Bundi akisikia mlio huo anaamini mwingine ameingia kwake, anaacha kupumzika au kuwinda aje kupigana na kitu kisichokuwepo. Mtu mmoja akifanya hivyo mara moja, pengine hakuna dhara kubwa. Kila mgeni akifanya hivyo kwenye jozi zilezile zilizo karibu na barabara, ni dhuluma. Kama mwongozaji akitoa simu, mkataze kwa adabu.

Dakatcha yenyewe, kupitia Marafa, nakushauri uiache mpaka upate mtu wa huko wa kuwapokea na usafiri wa uhakika. Bila gari ni safari ya siku nzima yenye jua kali, na kwa watoto ni nzito.

La mwisho ni kuandika, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwako. Orodha ya majina ya ndege peke yake haina faida kubwa. Kila mkifika mahali andikeni tarehe, saa mliyoanza na mliyomaliza, maji yalikuwa yakijaa au yakikupwa, na idadi ya kila ndege, hata kunguru wa Bara Hindi mnaowaona kila siku shuleni. Idadi ikishindikana kuhesabiwa, hesabuni ndege kumi, mkadirie kundi lina kumi ngapi, mkaandike neno "makadirio". Kisha pelekeni kwenye Ramani ya Ndege wa Kenya kupitia programu ya BirdLasser, ambayo imeigawa nchi kwa miraba ya kilomita 9 hivi kila upande. Fungua ramani hiyo utazame kaunti yetu: miraba ya Watamu, Malindi na Gede imejaa orodha, lakini ukielekea Ganze, Bamba na Magarini ya ndani, mingi ina taarifa chache sana. Wanafunzi wako wana ndugu na nyumba huko. Orodha moja ya saa mbili kutoka kwa shangazi yake mtu huko Bamba, iliyoandikwa kwa uangalifu likizoni, itaongeza elimu kuliko orodha ya mia moja kutoka Mida.

Na kama mtataka kushiriki jambo kubwa zaidi, kila Januari hufanyika hesabu ya ndege wa majini nchini. Shirika la Nature Kenya linahusika nayo pamoja na Makumbusho ya Taifa, na pwani hawajawahi kulalamika kuwa wana macho mengi kupita kiasi. Waandikie mapema, kama Novemba, uwaambie una watoto wangapi wenye darubini na wanaoweza kukaa kimya kwa saa mbili.